Kadi za Krismasi za wanajeshi, 1919 hadi 1939: nitajuaje kama nimeuziwa halisi?

SWALI: "Naishi Leicester, Uingereza, ni muuguzi. Tangu mwaka jana nakusanya vitu vya Krismasi vya wanajeshi, hasa vya kipindi cha kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili. Mwezi uliopita nilinunua kifurushi kwenye gulio la Jumapili kwa paundi 60. Ndani mna kadi tatu za vikosi vya Uingereza zenye utepe: moja imeandikwa Cologne 1924, nyingine Cologne 1927, na ya tatu ni ya Royal Tank Corps, haina mwaka. Kuna kadi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, ya Nairobi, Krismasi 1928, pamoja na bahasha yenye lebo ya bluu ya barua za ndege. Kuna menyu ya chakula cha Krismasi ya meli ya kivita ya Marekani ya 1931. Mwisho kuna kibati cha shaba chenye sura ya binti mfalme. Kimeandikwa 1914 ila muuzaji alisema ni cha miaka ya 1920. Jamaa yangu alicheka akasema siku hizi vitu hivi vinatolewa kwenye printa na kupakwa chai. Nitajuaje? Kibati nikisugue king'ae? Kadi nizipige laminesheni kabla ya kuzipeleka nyumbani Tanga? Na muuzaji huyohuyo ana mapambo ya mti wa Krismasi yenye swastika, ile alama ya Wanazi, anataka paundi 200. Niyachukue?"

JIBU: Ndugu yangu, jamaa yako hajakosea kuhusu printa na chai. Watu wanafanya hivyo kweli. Ila amesahau kwamba mghushi naye ni mfanyabiashara. Kadi ya kawaida ya kikosi inauzwa kwa paundi chache tu, na hakuna anayekesha kutengeneza kitu cha bei hiyo. Anayeghushi anafuata penye fedha: meli zilizopata umaarufu, vikosi vyenye jina, na zaidi ya vyote, vitu vya Wanazi. Kwa hiyo katika kifurushi chako hatari haikugawanyika sawa, na nitakuonyesha pa kukazia macho.

Wengi wanaoanza huniuliza karatasi inaonekana ya zamani au la. Hilo waliache kwa muda. Waanze na swali jingine: kikosi hiki kilikuwa wapi Desemba ya mwaka huo, na kilikuwa kinaitwaje? Kofia ya chuma au kitufe cha koti hakikwambii kilivaliwa wapi wala lini. Kadi ya Krismasi inakwambia yote, kwa sababu aliyeituma alitaka nyumbani wajue: jina la kikosi, kambi, mwaka. Madai hayo matatu yanaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye subira. Mtu anaweza kununua karatasi ya zamani, akapata hata utepe wa zamani. Historia ya batalioni moja moja ndiyo inayomshinda.

Tuchukue kadi zako za Cologne. Baada ya vita kusimama Novemba 1918, majeshi ya Uingereza yaliingia Ujerumani na kukalia eneo la mto Rhine, makao yakiwa Cologne. Walikaa mjini humo hadi mwisho wa Januari 1926, ndipo makao yakahamia Wiesbaden, na askari wa mwisho wakaondoka Rhineland Desemba 1929. Kadi ya Cologne 1924 basi inakaa vizuri mahali pake. Ya 1927 ina swali. Kabla hujaitupa, tazama jambo moja: mwaka umechapwa au umeandikwa kwa mkono? Kama umechapwa pamoja na jina la mji, nina mashaka makubwa. Kama ni kalamu, kuna maelezo mawili ya kawaida. Huenda tarakimu unayoisoma 7 ni 1 ya mwandiko wa haraka, na kadi ni ya 1921. Au askari alitumia kadi iliyobaki ya miaka iliyopita, kwa sababu masanduku ya kadi ambazo hazikuuzika hayakutupwa jeshini. Karani alihama nayo. Linganisha hiyo 7 na tarakimu nyingine za mwandiko uleule, hata kama ni namba ya askari tu. Kisha tafuta jina la batalioni na orodha ya vituo vyake. Makumbusho ya kikosi husika ndiyo ya kwanza kuuliza, na mengi hujibu barua pepe. National Army Museum iliyoko Chelsea, London, ina maktaba inayokusaidia pale ambapo kikosi hakina makumbusho tena.

Kadi ya Royal Tank Corps haina mwaka, lakini jina lenyewe linausema. Kikosi cha vifaru kilipewa neno Royal Oktoba 1923, na mwaka 1939 kikageuka kuwa Royal Tank Regiment. Kwa hiyo kadi yako ni ya Krismasi kati ya 1923 na 1938, bila hata kugusa karatasi. Majina ni hazina katika kazi hii. Royal Corps of Signals iliundwa 1920. Vikosi vitano vikubwa vya askari wa miguu vya kusini mwa Ireland, wakiwemo Connaught Rangers na Royal Dublin Fusiliers, vilivunjwa Julai 1922, hivyo ukikutana na kadi ya batalioni ya Connaught Rangers ya 1930 muulize muuzaji, kwa upole, inatoka kwa nani. Wakati mwingine jibu ni la kweli: chama cha askari wastaafu wa kikosi kilichovunjwa kiliendelea kutuma kadi. Hiyo nayo ni kitu cha kukusanya, ila si kadi ya kambini, na bei yake isiwe ya kadi ya kambini.

Tazama na taji lililo juu ya nembo. Tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi 1952 nembo za jeshi la Uingereza zilibeba taji ambalo matao yake yanapanda juu kwa mviringo kamili. Elizabeth II alipoingia, likaja taji ambalo matao yake yanabonyea katikati. Kadi ya 1928 yenye taji lililobonyea ni ya uongo, hapo hakuna mjadala. Lakini usilitegemee kupita kiasi kinyume chake: Charles III amerudisha taji la mviringo tangu 2022, na anayechora nembo leo akinakili iliyopo madukani atapata taji "sahihi" kwa bahati. Pale penye herufi za mfalme kuna ufundi zaidi. George V alitawala 1910 hadi Januari 1936. Edward VIII alimfuata, akaachia kiti Desemba 1936, akiwa hajawahi kula Krismasi hata moja akiwa mfalme. Wachapaji hawangoji Desemba, kazi ya kadi hufanyika mapema zaidi, kwa hiyo kitu cha Krismasi 1936 chenye herufi zake kinawezekana kabisa, na nisingekipita bila kukisimamia.

Sasa tuje kwa ile ya Nairobi, ambayo nadhani ndiyo iliyokufanya utoe paundi zako 60. Kadi za King's African Rifles za kipindi hicho mara nyingi zilinunuliwa na maofisa na masajenti Waingereza walioazimwa kutoka vikosi vyao, wakawatumia ndugu zao Ulaya. Askari wetu huwa wapo kwenye picha, wamepanga mstari au wameshika tarumbeta, na majina yao hayapo. Nasema hivyo mapema ili usije ukavunjika moyo ukitafuta jina la babu wa mtu kwenye kadi. Jina litakalokuwepo ni la ofisa aliyesaini, na kupitia yeye unaweza kujua ni batalioni gani: ya 3 na ya 5 zilikuwa za Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 6 ya Tanganyika. Ukigundua batalioni na mwaka, ile picha isiyo na majina nayo inaanza kuwa na mahali na watu, na hapo ndipo mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam atakapokushukuru.

Bahasha yake ndiyo inayonisumbua. Huduma ya kawaida ya barua za ndege kati ya Afrika Mashariki na London ilianza 1931, Imperial Airways waliporuka hadi Mwanza kupitia Cairo, Khartoum na Kisumu. Kabla yake kulikuwa na safari chache za majaribio tu. Mwaka 1928 kadi ya Krismasi ilishuka Mombasa kwa reli, ikapanda meli, na mtumaji aliyejali aliiposti Novemba. Lebo ya ndege kwenye bahasha ya 1928 haiwezi kupita hivihivi. Chukua kioo cha kukuzia usome muhuri wa posta: mara nyingi tarehe ipo, imefifia tu. Tazama stempu pia. Bahasha ya Nairobi ya miaka hiyo itakuwa na stempu zilizoandikwa Kenya na Uganda, zikiwa na sura ya George V. Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoka 1935. Stempu zilizoandikwa East Africa and Uganda Protectorates ni za kabla ya 1922. Nadhani utakuta bahasha ni halisi na kadi ni halisi, ila havikusafiri pamoja. Mtu alikuwa na kadi isiyo na bahasha na bahasha isiyo na kadi, akaona zikikaa pamoja zitauzwa vizuri. Jaribu rahisi: ingiza kadi kwenye bahasha. Kama inabana, au inacheza huku na huku, au mkunjo wa kadi haukuacha alama yoyote ndani ya bahasha baada ya karibu miaka 100, una jibu. Zitenganishe, ziandikie maelezo tofauti, wala usizione zimekuwa takataka.

Na kama kadi ya aina hii ingekuwa imechapwa "Kenya, Krismasi 1919"? Mashaka tena. Nchi hiyo iliitwa East Africa Protectorate hadi 1920. Jina Tanganyika Territory nalo ni la 1920. Watu wa kwetu tuna faida hapa ambayo mkusanyaji wa Kiingereza hana: majina haya tumeyasoma darasani.

Menyu ya meli ya Marekani. Hii inataka macho zaidi, kwa sababu menyu za meli fulani zina soko kubwa, hasa zile zilizozamishwa Pearl Harbor Desemba 1941. Menyu ya Arizona ya miaka ya 1920 au 1930 inanunuliwa na watu ambao hawajali Krismasi hata kidogo, na hapo ndipo mghushi anapopata hamu ya kufanya kazi. Hukuandika jina la meli yako. Ikiwa ni mojawapo ya hizo, peleka kwa mtaalamu kabla ya kufurahi.

Menyu ya kawaida ya wanamaji wa Marekani ni kijitabu cha kurasa chache kilichofungwa kwa uzi au kwa pini. Chakula kinajirudia meli hadi meli: zeituni, figili, bata mzinga wa kuokwa, mchuzi wa matunda ya kranberi, pai, matunda, kahawa, na mwishoni sigara na sigareti. Kisichotakiwa kuwemo ni pombe. Jeshi la majini la Marekani lilipiga marufuku pombe melini tangu Julai 1914, miaka kadhaa kabla taifa zima halijapigwa marufuku, na ruhusa ya uraiani iliporudi 1933 meli zilibaki kavu. Divai au bia kwenye menyu ya melini ya 1931 ni kasoro kubwa. Usihamishie kanuni hii kwa Waingereza: wao waligawiwa ramu melini hadi 1970.

Kilicho bora katika menyu ni kurasa za nyuma, maana mara nyingi zina orodha ya mabaharia wote na vyeo vyao. Chagua majina matatu yasiyo ya kawaida, uyatafute kwenye daftari za mabaharia zilizohifadhiwa na Nyaraka za Taifa za Marekani. Nyingi zimewekwa mtandaoni. Mghushi anaweza kubuni majina 5. Hawezi kubuni 900 yakalingana na daftari. Kisha kagua mahali meli ilipokuwa. Nikupe mfano ninaoupenda: meli ya kubeba ndege Lexington ilitia nanga Tacoma, jimbo la Washington, kuanzia katikati ya Desemba 1929 kwa karibu mwezi mzima, ikiugawia mji umeme kwa mitambo yake kwa sababu ukame ulikuwa umepunguza maji ya mabwawa. Menyu ya Krismasi hiyo inayoitaja Lexington ikiwa bandari nyingine itabidi ijieleze. Maktaba ya Naval History and Heritage Command, Washington, ina menyu za sikukuu za meli nyingi, na nyingine unaweza kuziona mtandaoni ukalinganisha mpangilio wa herufi na yako.

Historia ikishapita ndipo tunaigusa karatasi. Nunua vitu viwili vya bei ndogo: kioo cha kukuzia mara 10, na ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayotumia wenye maduka kukagulia noti bandia. Zima taa, imulike kadi. Karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 hivi zimetiwa kemikali ya kuongeza weupe, nayo inang'aa buluu-nyeupe kama shati la mtu aliye disko. Karatasi ya 1924 hubaki imepoa, ya manjano au kahawia. Kadi ikiwaka yote, imekwisha. Ikiwaka sehemu moja tu, pengine kuna gundi mpya au iliwahi kukaa karibu na sabuni ya unga. Isipowaka, hujathibitisha kitu. Karatasi zisizo na kemikali hiyo zinauzwa hadi leo. Jaribio hili linakataa, halithibitishi.

Kwa kioo cha kukuzia, soma maandishi yaliyochapwa. Uchapaji wa zamani wa herufi za madini ya risasi ulibonyeza karatasi: pitisha mwanga kwa ubavu utaona kila herufi imekaa kwenye kijishimo chake, na wino umejikusanya kidogo pembeni mwa mstari. Printa ya nyumbani haibonyezi. Yenyewe hurusha vitone vya rangi, na hata "nyeusi" yake utaikuta ina vitone vya buluu na waridi. Chini ya ukurasa wa nyuma tafuta jina la mchapaji kwa herufi ndogo. Gale & Polden wa Aldershot walichapa kazi nyingi sana za jeshi la Uingereza, na jina lao kwenye kadi ya kikosi ni dalili njema ingawa si cheti.

Halafu utepe. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kama kadi ingekuwa mezani kwangu. Kadi ya kikosi ya wakati huo kwa kawaida ilikuwa na gamba la nje lenye nembo iliyotuna, karatasi ya ndani yenye salamu, na utepe au uzi wa rangi za kikosi ukivishika pamoja mgongoni. Rangi hufifishwa na mwanga, kwa hiyo utepe halisi hauna rangi moja. Ulegeze kidogo sana kwa kijiti cha meno, bila kufungua fundo, uchungulie ndani ya mkunjo: nje itakuwa imepauka, ndani ya fundo rangi bado ni kali kama ilivyotoka dukani. Chini ya utepe, kwenye gamba, kuwe na mstari mwembamba wa karatasi iliyobaki nyeupe kuliko jirani zake. Aliyepaka chai huloweka kwanza na kufunga utepe baadaye, au hufunga kwanza na chai ikapenya chini na kuacha ukingo wa doa. Uzee wa kweli huanzia kingo na kuingia ndani, maana hewa na mwanga hufika kingo kwanza. Chai hutuama popote palipobonyea.

Kalamu nayo isisahaulike. Wino wa zamani wa chuma huanza mweusi na kuishia kahawia, wakati mwingine ukiacha kivuli upande wa pili wa karatasi. Kalamu ya bolpeni haikuwepo madukani hadi katikati ya miaka ya 1940. Salamu za 1928 zilizoandikwa kwa bolpeni ni za uongo, ila bei iliyoandikwa nyuma kwa bolpeni ni ya muuzaji tu, isikutishe.

Kibati sasa. Muuzaji alikosea, lakini nadhani najua kosa lilikotoka. Hicho ni kibati cha mfuko wa zawadi wa Princess Mary, binti wa George V, ulioanzishwa Oktoba 1914 ili kila aliyevaa sare apate zawadi ya Krismasi hiyo. Ndani kulikuwa na tumbaku na sigareti, kadi na picha ya binti mfalme. Wasiovuta walipewa peremende na penseli iliyotengenezwa kwa umbo la risasi, na askari wa Kihindi walikuwa na fungu lao lenye viungo na vitamutamu. Vilitengenezwa zaidi ya milioni 2.5, shaba ikawa adimu, ugawaji ukasuasua, na mfuko haukufungwa hadi 1920. Kwa hiyo wapo waliopokea cha kwao vita vikiwa vimekwisha, na wajane na wazazi wa waliokufa nao walikuwa na haki ya kupewa. Kitu chenyewe kinabaki cha 1914. Kama umejiwekea mpaka wa 1919 hadi 1939, kiko nje ya mpaka, isipokuwa kikija na barua ya kukikabidhi yenye tarehe iliyo ndani ya mpaka huo. Soma kwenye kifuniko majina ya nchi washirika: Serbia imeandikwa Servia, kwa v, kama Waingereza walivyoandika zamani. Nakala za kisasa zipo, nyingi zikiwa nyepesi na sura ya binti mfalme ikiwa imelainika kama iliyotengenezwa kwa kunakili kibati kingine.

Usikisugue. Ile rangi ya hudhurungi ni tabaka jembamba lililojijenga juu ya shaba na linailinda. Dawa ya kung'arisha huondoa tabaka hilo pamoja na shaba kidogo, na kinachotangulia kwenda ni nywele na pua ya binti mfalme, kwa kuwa ndizo zilizotuna. Kifute kwa kitambaa laini kikavu, basi. Ukikuta unga wa kijani unaoendelea kuota, hiyo ni kutu hai, kitenganishe na vingine. Na ukifungua kibati cha aina hii siku moja ukakuta risasi nzima badala ya penseli, usiichezee wala kuipeleka gulioni. Piga simu polisi waje waitazame.

Laminesheni hapana, tena hapana kabisa. Karatasi za miaka hiyo nyingi zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa na zina asidi ndani yake. Asidi hiyo inakata nyuzi za karatasi polepole, na joto na unyevu vinaiharakisha. Laminesheni huiyeyushia karatasi gundi ya plastiki kwa moto, ikaifungia asidi ndani, na haitoki tena bila kuondoka na wino. Hata mkusanyaji mwenye huruma hatanunua kadi hiyo. Tumia mifuko ya poliesta safi iliyo wazi upande mmoja, na mabox ya karatasi isiyo na asidi. Zile albamu za plastiki laini yenye harufu kali ziache, plastiki hiyo hutoa mvuke unaonata kwenye wino. Selotepu isiikaribie kadi, hata iliyochanika.

Kuhusu Tanga, nitakwambia ukweli: kama una njia ya kuziacha zikae Leicester kwenye kabati la ndani, afya yake itakuwa nzuri zaidi. Ukungu hupata nafasi unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 au 70, na Pwani hiyo ni hali ya kawaida. Ukiamua kuzipeleka, na mimi nakuelewa, zichagulie chumba cha ndani kisichopakana na bafu wala ukuta wa nje, uziinue kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa, na uziweke kwenye box la plastiki gumu linalofunga barabara, lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Vifuko hivyo hushiba. Vinatakiwa kukaushwa mara kwa mara, na ndani ya box linalofunguliwa kila siku ni mapambo tu. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kina madhara kuliko feni, kwa sababu karatasi inapanda na kushuka unyevu kila siku. Ukutani tundika nakala za skana, halisi zibaki gizani. Kabla ya kusafiri, jua kwamba Uingereza ina masharti ya kutoa nchini hati za kuandikwa kwa mkono zenye zaidi ya miaka 50. Kadi iliyochapwa yenye saini moja pengine haitakusumbua, lakini kama utanunua barua, waulize Arts Council England, ndio wanaotoa vibali.

Mapambo ya swastika usiyachukue. Wanazi walikuwa na vitu vya Krismasi kweli. Kila Desemba mfuko wao wa msaada wa majira ya baridi uliuza barabarani vijipambo vya mbao na vya kauri, kwa senti 20 za Kijerumani, na vingi havina hata swastika. SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Wanazi, nao waligawa taa za udongo zilizotoka kiwanda chao cha Allach, kiwanda ambacho baadaye kilitumia wafungwa wa kambi ya Dachau. Mapira ya kioo yenye swastika kubwa mbele yanayouzwa gulioni kwa sehemu kubwa ni kazi ya juzi, kwa kuwa ndicho wanunuzi wanachotaka kuona. Kwa paundi 200 unaweza kuwa unanunua hadithi tupu. Ujerumani kuonyesha alama hizo hadharani ni kosa la jinai isipokuwa kwa shughuli za utafiti na elimu, na masoko makubwa ya mtandaoni yanazikataa, kwa hiyo hata kuziuza tena ni shida. Zaidi ya hayo, mkusanyiko wako wa sasa unahusu watu wa kawaida waliokuwa mbali na kwao Desemba. Sioni taa ya SS inafanya nini katikati yao.

Fedha hizo zitumie kujiwekea mpaka mwembamba. Mtu anayekusanya "Krismasi za jeshi" atazama. Anayekusanya kambi moja, au kikosi kimoja, au Krismasi moja, baada ya miaka michache anajua kuliko wauzaji. Mimi ningejaribiwa na Saar, eneo la mpakani mwa Ujerumani na Ufaransa, Desemba 1934. Shirika la Mataifa lilipeleka jeshi la kimataifa la watu wapatao 3,300, Waingereza, Waitalia, Waswidi na Waholanzi, kulinda amani ya kura ya Januari 13, 1935, ambapo wenyeji waliamua eneo hilo liwe chini ya nani. Walifika siku chache kabla ya Krismasi. Hebu fikiri kadi zao: ama zilichapwa kabla kwa jina la kambi waliyoiacha, ama kwa haraka na mchapaji wa huko kwa Kiingereza cha kubahatisha. Au baki na King's African Rifles. Waingereza wanaokusanya kadi hizo ni wachache, na wengi wao hawasomi Kiswahili kilichoandikwa nyuma ya picha.

Wa kuwaona ana kwa ana. Ukikuta ukungu wenye manyoya au vumbi linaloacha alama kidoleni, usiupanguse nyumbani. Fungia kadi hiyo kwenye mfuko wa karatasi, ikae peke yake, umtafute mhifadhi aliyeidhinishwa na Icon, taasisi ya wahifadhi ya Uingereza. Menyu ikiwa ya meli yenye jina kubwa, ipeleke kwenye nyumba ya mnada yenye idara ya vitu vya kijeshi. Wengi hutazama bure siku za tathmini. Ile kadi ya Cologne 1927, kama mwaka umechapwa, rudi nayo kwa muuzaji na tarehe za kuondoka kwa majeshi zikiwa zimeandikwa pembeni, umwombe akurudishie sehemu ya fedha. Nyingine zote zibaki kwako. Kibati pekee, kikiwa halisi na hakijabonyea, kinabeba sehemu nzuri ya zile paundi 60.